Pima Kwanza: Kutambua Bakteria Kabla ya Kuchanganya Dawa za Kichina na za Hospitali

Idara ya Afya ya Kaunti inawahimiza wakazi wanaotumia mitishamba ya Kichina pamoja na dawa za hospitali wapimwe kwanza ili wajue wanaugua nini. Aina hizi mbili za tiba zinaweza kutumika pamoja. Hatari huanza pale mgonjwa anapozichanganya kimyakimya, kabla ya maabara kutambua kinachomsumbua.

Bakteria hutambuliwaje?

Homa, kikohozi, kuharisha na maumivu wakati wa kukojoa vinaweza kusababishwa na bakteria, virusi au vimelea vingine. Hata daktari mzoefu hawezi kila mara kuvitofautisha kwa kumtazama mgonjwa. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu viuavijasumu, yaani antibayotiki, huua bakteria lakini havina nguvu dhidi ya virusi kama vile vya mafua.

Maabara huanza na sampuli ya mkojo, makohozi, damu, usaha au kinyesi. Njia ya haraka ni kuipaka rangi, mbinu iliyovumbuliwa mwaka wa 1884 na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram. Chini ya darubini, bakteria wa kundi moja hubaki na rangi ya zambarau na wa kundi la pili huonekana wa waridi. Jibu hilo humsaidia daktari kuchagua dawa ya kuanzia.

Njia ya pili ni kuotesha bakteria. Sampuli huwekwa kwenye chakula maalumu cha maabara, na baada ya siku moja hadi tatu bakteria huwa wameongezeka kiasi cha kutambuliwa kwa jina. Sampuli ya damu inaweza kuhitaji hadi siku tano. Kisha vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali huwekwa juu ya bakteria hao. Dawa yenye nguvu huacha duara tupu pembeni yake. Pasipo na duara, bakteria hao ni sugu na dawa hiyo haitamsaidia mgonjwa.

Kwa kifua kikuu, mashine ya GeneXpert hutoa majibu kwa takriban saa 2 na kuonyesha kama bakteria ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Kwa homa ya matumbo, kipimo cha Widal kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu aliyeugua zamani au aliyechanjwa. Kuotesha bakteria kutoka kwenye damu ndiyo njia ya kuaminika zaidi.

Sampuli inafaa kutolewa kabla ya kumeza kiuavijasumu chochote. Vidonge vichache tu vilivyonunuliwa kwa kemisti vinaweza kuwadhoofisha bakteria wasiote maabarani. Majibu yatasema hakuna kitu, ilhali mgonjwa angali anaugua.

China huchanganya vipi tiba hizi?

Nchini China, tiba ya asili na ya kisasa hutolewa pamoja katika hospitali nyingi. Mfano mmoja ni Xuebijing, dawa iliyotengenezwa kutokana na mimea 5 na kuidhinishwa huko mwaka wa 2004 kwa wagonjwa wa sepsisi, hali ambapo maambukizi huufanya mwili uanze kudhuru viungo vyake wenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 ulihusisha wagonjwa 1,817 katika vituo 45 nchini humo. Baada ya siku 28, asilimia 18.8 ya waliopewa Xuebijing walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 26.1 ya wale ambao hawakupewa.

Hata hivyo, wagonjwa wote walipata matibabu ya kawaida ya sepsisi, vikiwemo viuavijasumu. Dawa ya mimea iliongezwa juu ya matibabu hayo, na ilitiwa kwenye mshipa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Matokeo hayo hayahusu pakiti za unga wala chai zinazouzwa madukani.

Mchanganyiko unapodhuru

Baadhi ya dawa za Kichina zina jasi au maganda ya chaza, ambayo yana kalisi nyingi. Kalisi hufungana tumboni na viuavijasumu kama siprofloksasini na doksisiklini, hivyo dawa kidogo tu huingia mwilini. Mimea ya danshen na danggui nayo inaweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa akavuja damu.

Nchini Ubelgiji, mapema miaka ya 1990, wanawake wengi waliotumia dawa za kupunguza unene waliharibikiwa na figo. Mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, ambao una sumu ya asidi aristolokiki.

Kutumia viuavijasumu ovyo pia huzalisha bakteria sugu. Inakadiriwa kuwa usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka wa 2019.

Mambo ya kuzingatia

- Nenda kituo cha afya upimwe kabla ya kununua dawa yoyote.
- Mweleze daktari mitishamba yote unayotumia na ubebe pakiti zake. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inatambua tiba asili na tiba mbadala, kwa hivyo usiogope kusema.
- Usinunue dawa isiyoonyesha viambato vyake au isiyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.
- Usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu umeanza mitishamba. Zimalize kama ulivyoelekezwa.
- Wajawazito, watoto, na wagonjwa wa figo, ini au shinikizo la damu wasitumie mitishamba kabla ya kushauriana na daktari.

Mtu anayepumua kwa shida, aliyechanganyikiwa, anayetapika kila kitu au mtoto anayeshindwa kunyonya apelekwe hospitalini mara moja. Katika hali hiyo daktari huchukua sampuli na kuanza matibabu papo hapo, bila kungoja majibu ya maabara. Kujaribu mitishamba nyumbani kwanza kunaweza kumpotezea mgonjwa saa ambazo zingeokoa maisha yake.