Samaki Wakiugua, Tazama Maji Kwanza

Tangu mwaka wa 2009 serikali ilipofadhili uchimbaji wa vidimbwi vya samaki katika sehemu nyingi za Kenya, ngege na kambare si wageni tena Kisii na Nyamira. Ng'ombe akikohoa humwita daktari wa mifugo. Samaki je? Wengi hukimbilia duka la dawa. Mimi hutibu watu, lakini nimeulizwa mara nyingi kama unga wa vidonge vya tetrasaiklini waweza kumwagwa kidimbwini. La, hasha!

Dawa inayotiwa kwa kukisia huua viini dhaifu na kuviacha vile sugu. Mabaki yake hukaa katika nyama ya samaki, nayo maji hufika mtoni. Mwanao akiugua kesho, huenda dawa iyo hiyo isimfae.

Tazama maji. Samaki wakipanda juu alfajiri wakitweta midomo wazi, aghalabu wamekosa oksijeni. Maji ya kijani mno yamejaa mimea midogo ambayo usiku hutumia oksijeni badala ya kuitoa. Acha kuwalisha, acha kutia samadi, na uongeze maji safi ya kijito. Ya mfereji yasiingizwe moja kwa moja, kwani klorini inayotukinga na kipindupindu huwaua samaki. Msimu wa baridi ngege hula kidogo, kwa hivyo punguza chakula kisije kikaozea majini.

Ukiona vidonda, macho yaliyotokeza, matumbo yaliyovimba, au wakifa mmoja mmoja kila siku, usingoje. Mwite afisa wa uvuvi wa kaunti, au uulize katika kituo cha utafiti wa samaki cha Kegati. Mpelekee mgonjwa aliye hai bado, au aliyekufa punde akiwa kwenye barafu, pamoja na chupa safi ya maji ya kidimbwi. Aliyeoza hana msaada.

Wakifa wote kwa saa chache, wakubwa kwa wadogo, huenda ikawa ni sumu, labda dawa iliyonyunyiziwa mboga mlimani. Usiwale, usiwauze, wala usiwatupe mtoni Gucha. Wazike mbali na maji.

Nawe jihadhari. Kuna kiini cha ukoo mmoja na kile cha kifua kikuu ambacho hutoka kwa samaki na kuingia penye mkwaruzo. Ukipata uvimbe au kidonda mkononi kisichopona kwa majuma kadhaa, nenda hospitalini, na umwambie daktari kwamba unafuga samaki. Huenda asikuulize.