Martinete marufuku, shingo bado hatarini

Katika mieleka ya Mexico, lucha libre, mambo mengi huachwa yapite. Mtu anaweza kujirusha nje ya ulingo akamwangukia mwenzake, au akamchapa kofi la kifua likasikika hadi viti vya nyuma, na refa asiseme neno. Lakini akimgeuza mpinzani kichwa chini miguu juu, akambana kichwa kati ya mapaja, kisha akaketi naye kwa kishindo, hiyo ni faulo ya kumpotezea ushindi. Mtindo huo huitwa martinete. Mashabiki wa huku kwetu wanaufahamu kwa mwanamieleka wa Marekani Undertaker, ingawa yeye alishuka kwa magoti.

Ubaya wake uko kwenye pingili saba za shingo. Mtu akisimama kawaida, pingili hizo huwa zimepinda kidogo, na mpindo huo husaidiana na misuli kupokea kishindo. Kidevu kikiinamishwa kifuani, shingo hunyooka kama fito. Uzito ukija kwa utosi wakati huo, misuli haina nafasi ya kusaidia: kichwa kimegota, kiwiliwili bado kinashuka, na katikati yake ni mfupa tu, ambao hupasuka au kuteguka. Futiboli ya Marekani ililiona hilo mapema. Kugonga kwa utosi kulipopigwa marufuku mwaka 1976, visa vya wachezaji kupooza mikono na miguu vilipungua sana.

Martinete ikipigwa vizuri, utosi haugusi sakafu kabisa. Kinachogonga ni makalio ya mpigaji, na kichwa cha mwenzake hubaki sentimita chache juu. Usalama wote umo katika sentimita hizo. Agosti 1997, kwenye onyesho la mieleka la SummerSlam nchini Marekani, Owen Hart aliketi huku kichwa cha Steve Austin kimeshuka kupita mapaja yake. Austin alilala pale, mwili haumtii, na ingawa alirudi ulingoni baadaye, shingo ile ilichangia kumstaafisha mwaka 2003.

Marufuku ina mantiki, basi. Kinachonisumbua ni kwamba vifo vinavyokumbukwa zaidi Mexico miaka ya karibuni havikuletwa na martinete. Machi 2015, mjini Tijuana, mwanamieleka Perro Aguayo Jr., mwenye umri wa miaka 35, alipigwa na mpinzani wake Rey Mysterio teke la kurukia, la kawaida kabisa, akaangukia kamba. Pingili za juu za shingo zilivunjika. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili inayolisha shina la ubongo, linaloongoza pumzi na mapigo ya moyo; ikichanika au kuziba, kiharusi chake huweza kuua upesi. Aguayo alilegea kwenye kamba na pambano likaendelea, maana kulegea ni sehemu ya mchezo. Hatimaye alitolewa juu ya kipande cha plaiwudi.

Hapo ndipo marufuku inapojitegea mtego. Kwa kuwa martinete imekatazwa, wanamieleka wakorofi, rudo, huipiga refa akiwa amegeuka. Aliyepigwa hutolewa kwa machela, kola shingoni, na baada ya muda anarudi mzima. Watazamaji wamezoea kuona dalili zote za shingo iliyovunjika zikiigizwa. Wenyewe kwa wenyewe wanamieleka huulizana kwa kuminyana mkono: ukiminywa nawe ukaminya, u salama. Mwenye shingo iliyoumia huenda hawezi kuminya, na asiyejibu anapaswa kuachwa alipo, kichwa kikishikiliwa bila kugeuzwa hadi daktari afike.

Oktoba 2019, La Parka wa kampuni ya mieleka ya AAA alijirusha nje ya ulingo mjini Monterrey, akakosea, akaumia shingo. Neva zinazoendesha kiwambo, msuli mkuu wa kupumua, hutokea shingoni, ndiyo maana jeraha la hapo mara nyingi hummaliza mtu kupitia mapafu. Alifariki Januari 2020, mapafu na figo zikiwa zimeshindwa kazi. Mruko ule bado unaruhusiwa, na ndio unaoinua watu vitini.