Mkono Unaojenga Kanisa, Mkono Unaopiga Watu



Wakati wa uchaguzi, sisi wa Kasongo na Kabambare tunaona wakubwa wakifika kanisani na mabati, viti na vipaza sauti. Tunapiga makofi na kushukuru. Leo tueleze habari za mfalme mmoja wa Afrika aliyelipa kanisa lake kuliko depite yeyote tunayemjua, na tuangalie yaliyofuata.

Jina lake ni Zara Yaqob, maana yake Mbegu ya Yakobo. Alitawala Ethiopia tangu 1434 hadi 1468. Alikuta kanisa limegawanyika. Wafuasi wa mtawa Ewostatewos waliheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili, na maaskofu waliotoka Misri waliwakataza. Ugomvi huo ulidumu zaidi ya miaka mia moja. Mwaka wa 1450 mfalme aliita mkutano huko Debre Mitmaq, wakapatana kwamba siku zote mbili ziheshimiwe. Hiyo ni kazi njema, na tunaikubali.

Alijenga makanisa, akaweka makao yake Debre Berhan, yaani Mlima wa Nuru. Aligawa mashamba kwa watawa. Aliagiza vitabu visomwe kanisani, na vingine vinahesabiwa kuwa maandiko yake. Wachoraji wa picha takatifu, kama Fre Seyon, walifanya kazi wakati wake.

Lakini mkono ule ule ulipiga. Mtawa Estifanos alifundisha kwamba kusujudu ni kwa Mungu peke yake. Yeye na wafuasi wake walikataa kusujudu mbele ya mfalme, msalaba na sanamu ya Maria. Estifanos alifungwa, akafa kifungoni. Wafuasi wake wengine walipigwa mawe, wengine walikatwa pua na ulimi. Raia waliamriwa kuandika kwenye paji la uso maneno ya kukiri Utatu. Mwishoni mateso yaliingia nyumbani mwa mfalme: watoto wake walishitakiwa kuabudu mashetani wakaadhibiwa vikali, na mke wake Tsion Mogasa alipigwa hata akafa.

Ilikuwaje? Mwenye kulipa kila kitu alijiona mwenye kanisa. Imani ikawa amri ya serikali, na kutokukubaliana na mfalme kukawa dhambi. Watawa waliokula shamba lake, ni nani kati yao angesimama kumwambia hapana? Daudi naye alitenda dhambi kubwa, lakini alikuwa na Nathani (2 Samweli 12). Nabii yule hakuwa na deni kwa mfalme, kwa hiyo kinywa chake kilikuwa huru.

Hatusemi turudishe mabati. Mvua ya Maniema haingoji. Tunasema zawadi ipokelewe mchana, mbele ya kusanyiko lote, iandikwe katika kitabu cha kanisa, isiwe siri ya mchungaji na mgeni. Mtoaji akae kwenye benchi pamoja na mama zetu wa shamba; mimbari ibaki ya Neno. Na siku akionea raia, wazee wetu waweze kumwendea na kumwambia, bila kuangalia juu kwenye paa kwanza.

Mungu awape wachungaji wetu kinywa cha Nathani. Amina.