Mathe, Nimeitwa Kusomea Kuchora

Kila msee ashawahi jaza Fine Art kwa fomu ya KUCCPS ameulizwa hii swali, iwe na buda wake, ankoli wa Rongai ama konda wa mat: "Kwani kuchora pia inasomewanga?" Mi nitamjibu huyo ankoli bila kuzunguka. Zii, kuchora haisomewangi. Enda zile gereji nganya zinapigwa rangi, ucheki msee akitoa sura ya rapa kwa mgongo ya mat na sprei, bila kupiga laini hata moja ya penseli. Hajawahi ingia lekcha. Mkono yake ndio inalipa keja na fee ya watoi, na hakuna odijo alimpea maksi.

Sasa kaa mkono inapatikana mtaani bila fee, hizo miaka nne za campo ni za nini? Hiyo ndio stori nataka tubonge, ju kuna wasee wanaingia hii kozi wakidhani wanaenda kufunzwa kuchora safi, wanatoka wakilia waliibiwa. Wengine wanahepa ju buda amesema haina mboka, wanaenda kusinzia kwa klasi za komasi. Wote hawana rada.

Kitu ya kwanza campo inakupea ni macho. Cheki venye inaanzanga. Umefika studio, uko na mkaa wa kuchora na karatasi kubwa kaa mlango. Katikati ya rum kuna kiti ya mbao imepandishwa juu ya meza. Unajiambia hii ni mteremko, kiti ni kiti. Odijo anakuja anasema, usichore kiti. Chora hewa yenye iko katikati ya miguu. Unamwangalia kaa amechizi. Alafu unaanza, unachora hiyo pembe tatu ya hewa, ingine ndogo hapo nyuma, ingine imebanwa kati ya mgongo na kikalio, na ghafla kiti inajitokeza yenyewe, imekaa chini fiti kuliko kiti yoyote ushawahi chora. Ukicheka kidogo anakuambia ufunge macho nusu. Ile maua imechongwa kwa mbao inapotea, misumari inapotea, inabaki giza na mwangaza. Hapo ndio unashtuka ati tangu klasi nne umekuwa ukichora vile unajua kiti inakaanga, na siku hiyo ndio mara ya kwanza umechora kiti yenye iko mbele yako.

Hiyo kitu ni ngumu kuokota solo mtaani. Mtaani sifa ya juu kabisa ni "inafanana na yeye!" Ukichora Raila na afanane, mbogi yote inasema ni nare, picha inapostiwa, unaitwa legendi. Campo unaleta hiyo hiyo Raila, ameiva kabisa, na odijo anauliza: inafanana, halafu?

Hiyo "halafu" ndio kozi yenyewe. Wasee wanaiita krit. Mnabandika kazi zenu zote kwa ukuta, klasi inazunguka, ikifika yako unasimama kando unachanwa. Dem mwenye mlishea smocha asubuhi anasema rangi yako ya ngozi ni matope. Jamaa wa nyuma, mwenye hajawahi maliza asainmenti, anasema macho yote inaenda kona ya kushoto na hakuna kitu hapo. Na ako sahihi, hiyo ndio inauma. Ukianza kujitetea, ati nilikuwa najaribu kusema hivi na hivi, unanyamazishwa: picha ikienda kwa ukuta ya mtu hutakuwa hapo kuieleza. Kuna wasee wanalianga kwa choo hiyo siku. Lakini ukishachanwa semista kadhaa unaanza kusikia hiyo sauti ya krit kwa kichwa ukiwa pekee yako saa nane usiku, na unafuta kitu kabla mtu mwingine aione. Kwangu fee yote inaendanga hapo. Simu haikupei hiyo. Simu inakupea laiki.

Si ati odijo wote wako fiti, aki. Kuna wale wametengenezwa na slaidi za zamani na wanataka mchore kaa wao. Mmoja wa hao ukimpata, vumilia, piga yake ndio upite, alafu ukirudi hosteli piga yako.

Alafu kuna mashine. Hapa ndio digrii inapiga YouTube vibaya sana, ju hakuna mtu wa hosteli ako na tanuru ya kuchoma vyungu ama presi ya kuchapa. Udongo unachomwa mara ya kwanza kwa joto ya karibu digrii 1,000. Kaa hukuacha chungu yako ikauke hadi ndani, maji yenye imebaki inageuka mvuke, chungu inapasuka, na vipande zinaangusha ya jirani. Urafiki zishaisha hivo.

Na ukidhani ceramics ni ya wale wamekosa nafasi kwa painting, gugo Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi 1950, akaanza na dizaini ya matangazo huku huku kabla aende Uingereza 1971. Udongo ilimpata huko. Anajenga vyungu zake na mkono bila gurudumu, anazisugua hadi zing'ae bila kupaka kitu ya kung'arisha, alafu anazichoma. Zikichomwa na hewa mob zinatoka nyekundu ya machungwa. Akizichoma tena moto ikinyimwa hewa, zinageuka nyeusi. Rangi yote ni moto na oksijeni. Leo zimekaa British Museum, na 2018 akafanywa chansela wa chuo kizima ya sanaa huko Uingereza. Kaa angeshikilia matangazo ju ndio alianza nayo, hatungembonga hapa. Usiingie first year ukisema "mi ni wa painting tu." Gusa kila kitu kwanza.

Kitu ingine ya mashine ni doh, na hii siwezi ficha. Skrini ya kuchapa ndio imesomesha wasee wengi kuliko HELB. Unapaka emalshen kwa wavu kwa giza, unaacha ikauke, unaweka dizaini yako nyeusi juu, unaanika kwa jua dakika kadhaa, unaosha na maji. Penye jua haikugusa inatoka, inabaki njia ya wino. Sasa uko na kiwanda chini ya kitanda. Campo iko na uchaguzi ya viongozi wa wanafunzi, iko na hudi za klasi zinamaliza, iko na Christian Union wanataka tishati za mishen. Kuna wasee wa komasi wanakopa fuliza na wewe unakausha tishati za kandideti wawili wenye hawabongi.

Lakini vitu za kazi ni bei, usidanganywe. Rangi za akriliki za maana zitakumaliza. Wasee wengi wanatengeneza kanvasi yao: amerikani ya kupima kwa mita, fremu ya fundi wa mbao, emalshen nyeupe ya nyumba imechanganywa na gundi. Ukiivuta unaanza katikati ya kila upande, msumari huku, msumari ule upande mwingine, unaenda ukielekea kona. Ukianza na kona inakunja na utaona hizo mikunjo hadi siku ya maonyesho.

Na mathe akisema rangi ni bei kushinda unga, mshow stori ya Rosemary Karuga. Alizaliwa 1928. Akaenda Makerere mwanzo wa miaka ya hamsini, kwa hiyo shule ya sanaa Margaret Trowell alianzisha 1937, na ndio dem wa kwanza kumaliza hapo. Akarudi Kenya, akawa ticha, akaolewa, akalea watoi, miaka zikaenda. Alirudia sanaa kwa nguvu miaka ya themanini akiwa msee mzima, pale Paa ya Paa, hiyo senta Elimo Njau na wenzake walifungua Nairobi 1965. Doh ya rangi hakuwa nayo. Akachukua paketi za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazikata vipande ndogo ndogo, akazibandika. Ukiangalia hizo kolaji zake, kuku, mamathe wa shamba, watoi, unaona ameokota kijani kwa sabuni na hudhurungi kwa unga kaa mtu ako na boksi nzima ya rangi. Mwaka wa 1990 kazi zake zikawekwa Studio Museum, Harlem, na kwa hiyo maonyesho ndio alikuwa dem pekee. Alikufa 2021. Karibu miaka thelathini hakuwa anatoa kazi mob, na macho ya Makerere haikuwa imeenda popote. Hata ukiniuliza kwa nini nasema digrii inafaa, sitakupea jina ya mtu mwenye ametajirika. Nitakupea hiyo paketi ya unga.

Ju wasee wanapenda kusema "si unaona Wangechi Mutu." Ni kweli, ametoka Nairobi, na 2019 masanamu zake nne za shaba zilisimama kwa uso wa makumbusho ya Met, New York, mahali palikuwa tupu tangu jengo lijengwe. Lakini yeye alisomea Cooper Union, enzi hizo haikuwa inaitisha fee, alafu akapiga mastaz Yale. Usilinganishe hiyo na keja yako ya Kahawa Wetu. Enda ucheki venye anaunganisha vitu, uwache hesabu ya doh yake.

Sasa kwenye campo inaangusha wasee ni biashara. Unaweza maliza miaka nne ukijua Renaissance yote na hujui kuandika invois. Gallery ikiuza kazi yako inakata yake, na mara nyingi inakata theluthi moja hadi nusu. Uliza kabla, ipate kwa karatasi. Usipande ngazi kuchora ukuta ya restoranti kabla deposit iingie kwa M-Pesa. "Itakupea eksposhaa" si pesa, na huyo mwenye anakuambia hivo hajawahi lipa fundi wa choo na eksposhaa. Na ujue ukilala utaibiwa hadi jina ya nchi: 2013 na 2015 banda ya Kenya huko Venice Biennale ilijazwa na wasanii mob wa China. Mara ya pili wasanii wa huku walipiga kelele hadi serikali ikajitoa, na mchoraji Michael Soi akaichora yote kwa siris inaitwa Shame in Venice.

Mboka ziko, lakini hazijaandikwa "msanii" kwa mlango. Kuna animeshen, seti za sinema, vitabu za watoi, grafiki. Senior skul za mfumo mpya ziko na njia nzima ya sanaa na michezo tangu Gredi 10 ya kwanza ianze 2026, kwa hivyo maticha watahitajika. Ila ukitaka hiyo lane, cheki mapema kaa kozi yako iko na ualimu ndani, ju digrii ya sanaa tupu TSC haikusajili nayo. Itabidi umeongeza diploma ya elimu juu.

Kabla ujaze fomu, jipime na hii. Panda mat hadi NCAI, hiyo nafasi ya sanaa Michael Armitage alianzisha 2020, iko Rosslyn Riviera. Huyo ni mchali wa Nairobi mwenye anapaka mafuta kwa lubugo, gome ya mti ya Waganda, na anaacha mashimo na mishono zake zionekane. Usikimbie kupiga selfi. Chagua kazi moja, simama mbele yake, toa karatasi, jaribu kuchora venye imepangwa, si venye inakaa. Kaa saa imeisha na hujakumbuka simu, jaza hiyo kozi. Kaa umeicheki kila dakika, pia kwa komasi kuna wasee poa, na watakuwa wanakununulia tishati.