Namba ya kwenye skrini na tope la Geita

Joto, presha, kina na mtiririko ndivyo vipimo vinne vinavyoongoza karibu kila mtambo wa kiwanda, ukiwemo wa kuchenjulia dhahabu. Katika migodi kama Geita na Bulyanhulu, wilayani Kahama, namba zake husomwa kwenye skrini ya chumba cha udhibiti. Ni nadra, hata hivyo, kitu chenyewe kupimwa moja kwa moja.

Mawe yaliyosagwa na kuchanganywa na maji huwa tope linalokwangua kama msasa. Propela ya mita ya maji ya nyumbani isingedumu humo. Ndiyo maana bomba hufungwa koili za sumaku. Tope likipita katikati yake huzalisha volti ndogo inayolingana na kasi, na kasi ikizidishwa kwa eneo la tundu la bomba hupatikana ujazo. Mchanga ukituama chini, tundu hupungua, lakini mita huendelea kuhesabu bomba zima.

Kina kina hila zaidi. Mara nyingi hupatikana kwa kupima presha chini ya tangi. Maji ya mita 10 hukandamiza kwa takriban kilopaskali 98. Tope lenye uzito mara 1.4 ya maji, kwa 137. Tope likizidi kuwa zito bila hesabu kurekebishwa, skrini itaonyesha tangi limejaa kuliko lilivyo.

Geji ya kawaida nayo husoma ziada tu juu ya presha ya hewa. Geita, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ina kilopaskali kama 88 badala ya 101 za Tanga, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Dhahabu inapooshwa kutoka kwenye kaboni iliyoinasa, kwa nyuzi 140, chombo sharti kifungwe na kushikilia presha. Hapo joto na presha havitenganishwi.

Vitabu huiweka pH, kipimo cha uasidi, kando ya vile vinne, jambo lisilofaa kwenye uchenjuaji. pH ikishuka hadi 9.2, nusu ya sianidi iliyo huru, ile inayoyeyusha dhahabu, hugeuka asidi inayotoka kama gesi ya sumu. Chokaa huongezwa ili pH ibaki juu ya 10. Pasipo skrini, karatasi inayobadilika rangi huweza kuipima. Haihitaji waya wala betri, bali mwanga wa kutosha na msomaji asiyekisia.