Sindano ya Steroidi Haichukui Nafasi ya Kujifungua

Miongoni mwa maradhi yanayowapata wanawake waja wazito, upo mmoja ambao tunaona yafaa askari na polisi waufahamu, kwani huweza kumshika mke kambini hali mumewe yuko lindoni mbali, na dalili zake hudanganya. Mama hulalamika maumivu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu; hutapika, kichwa humwuma, macho huona ukungu. Majirani husema ni malaria au vidonda vya tumbo, naye hunywa vidonge akalala. Kumbe damu yake inaharibika.

Daktari Mmarekani, Louis Weinstein, aliupa ugonjwa huo jina la HELLP mwaka 1982. Chembe nyekundu za damu huvunjika, ini hudhurika, nazo chembe za kugandisha damu hupungua. Mtu mwenye afya huwa na chembe hizo 150,000 au zaidi katika maikrolita moja ya damu. Kwa mgonjwa huyu huweza kushuka hata chini ya 50,000. Hapo kuvuja damu ni hatari kubwa, na ini lenyewe laweza kupasuka. Mara nyingi shinikizo la damu hupanda pia, lakini si kila mara. Basi kipimo kizuri cha shinikizo kisimpumbaze mtu.

Katika miaka ya 1990 madaktari wa Mississippi, Marekani, walitoa matumaini makubwa kwamba deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ingewaponya mama hao, maana hesabu ya chembe ilionekana kupanda. Matumaini hayo hayakudumu. Uchunguzi wa Kolombia uliotangazwa mwaka 2005, uliohusu wanawake 132, haukuona nafuu ya maana, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri steroidi zisitumiwe kwa kusudi la kutibu HELLP. Hesabu kupanda katika karatasi ya maabara ni jambo moja, mama kupona ni jingine.

Hata hivyo mume aweza kuona mkewe akidungwa dawa hiyo hiyo. Asidhani ugonjwa umetibiwa. Sindano ile ni ya mtoto: tangu mwaka 1972, Liggins na Howie wa New Zealand walipotangaza kazi yao, imejulikana kwamba huyakomaza mapafu ya mtoto anayetarajiwa kuzaliwa kabla ya wakati.

Dawa ya mama ni kuzalishwa, kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, hata mimba ikiwa changa. Hupewa pia magnesiamu salfati ya kuzuia kifafa cha mimba, dawa za kushusha shinikizo, na damu inapohitajika. Kwa hiyo mgonjwa apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye maabara, chumba cha upasuaji na akiba ya damu, na wenzake mume walio tayari kutoa damu wafuatane naye. Akiisha kujifungua asiharakishwe kurudi nyumbani, kwa kuwa wengine huanza kuugua katika siku mbili zinazofuata.