Meno ya Plastiki Hayapo

"Daktari, meno ya plastiki mnang'oa hapa, au nimpeleke kwa yule bibi?" Swali hili sitalihesabu tena. Anayeuliza ana mtoto wa miezi mitano mapajani, anaharisha tangu juzi, mwili wa moto, macho yameanza kuingia ndani. Mara nyingi uamuzi si wake: mama mkwe ameshasema, na hela ya bodaboda imeshatolewa. Amepita kwangu kwa sababu tu mimi ni daktari wa meno ya watoto na niko njiani. Jibu langu ni fupi na wengi hawalipendi: hapa hayang'olewi, kwa sababu hayapo. Hapo ndipo anauliza, "Sasa kama si meno, ni nini?" Hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa siku ya kwanza, na si kwangu bali kwa daktari wa watoto.

Tuangalie mdomoni, maana hapo ndipo uongo wote unapoanzia. Nawa mikono, kaa penye mwanga, inua mdomo wa juu wa mtoto wa miezi minne au mitano. Katikati ni mahali yatakapoota meno ya mbele, nyuma ni mahali pa magego. Kati ya hapo, kila upande, utaona ufizi umetuna, umevutika na kupauka hadi unakaribia weupe. Chini ni hivyo hivyo. Jumla ni vivimbe vinne, navyo ndivyo vinavyoitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Ndani ya kila kimoja kuna jino la chonge la utotoni ambalo bado linajengwa. Ujenzi wake ulianza mtoto akiwa tumboni, na taji lake halikamiliki mpaka afikishe miezi tisa hivi. Kutoboa ufizi ni kati ya miezi 16 na 23.

Sasa piga hesabu. Mtoto ana miezi mitano. Jino linaloshitakiwa kwa homa ya leo halitatoka kabla ya mwaka mwingine kupita, ama karibu na hapo. Halikwaruzi kitu, halitoboi kitu, halina njia ya kufika tumboni likaleta kuhara. Limetulia mahali pake linakua, kama lilivyokuwa wiki iliyopita mtoto alipokuwa mzima.

Ukiona nabisha tu, nenda kwa jirani mwenye mtoto wa umri huo huo, mnene, anayecheka na kila mtu, umwombe umfungue mdomo. Utavikuta vivimbe vile vile, vinne, mahali pale pale. Havijulikani kwa sababu hakuna anayemchungulia mdomoni mtoto mzima. Mdomo hufunguliwa siku ya ugonjwa, na kinachoonekana siku hiyo ndicho kinachobebeshwa lawama.

Ushahidi unaowamaliza wazazi ni ule wa kiganjani. Fundi wa meno ya plastiki, kama yule bibi, akishachimba kwa wembe, kisu au spoku ya baiskeli iliyonolewa, anamwonyesha mama kitu cheupe, kidogo, laini, chenye majimaji kama punje ya hindi changa. "Jionee mwenyewe. Hili ni jino hili?" Mama anaona kweli halifanani na jino lolote analolijua. Basi naomba nimjibu fundi: ndiyo, ni jino. Ni laini kwa sababu enameli yake haijakomaa, na haijakomaa kwa sababu umelitoa mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Mchimbe mtoto yeyote wa umri huo, awe mgonjwa au mzima, wa mjini au wa kijijini, utatoa kitu hicho hicho. Ushahidi unaopatikana kwa kila mtu hauthibitishi ugonjwa wa mtu yeyote.

"Lakini daktari, wa dada yangu alipong'olewa alipona." Naamini alipona. Kuhara kwa watoto wengi huletwa na virusi, na hukoma kwenyewe ndani ya siku tano hadi saba iwapo mtoto hatakaukiwa maji. Familia husubiri siku ya kwanza, ya pili, hujaribu dawa ya dukani siku ya tatu, na hufika kwa fundi siku ya nne. Siku ya sita mtoto anatulia. Nani anapewa sifa? Na yule aliyekufa siku ya tano, fundi anasema mlichelewa kumleta. Kwa utaratibu huo fundi hawezi kushindwa kamwe. Wengine hukata na kimeo papo hapo kwa ajili ya kikohozi, kwa wembe ule ule, na hilo nalo nalilaani ingawa leo silo ninaloandikia.

Kinachopotea ni zaidi ya jino. Mtoto ana damu ya mililita 80 hivi kwa kila kilo. Mwenye kilo sita basi damu yake yote haijazi chupa ya soda ya nusu lita. Mara nyingi ameshapungukiwa damu kwa malaria, ameshapungukiwa maji kwa kuhara, kisha unamfungulia vidonda vinne mdomoni, mahali pasipofungika kwa bendeji. Vidonda hivyo vinapitisha vijidudu hadi kwenye damu na kwenye mfupa wa taya. Chombo kisichochemshwa kinaweza kubeba pepopunda, na pia virusi vya homa ya ini na VVU kutoka kwa mtoto wa kabla yake. Na mtoto hanyonyi, maana kinywa kizima kinauma, wakati kunyonya ndiko kulikokuwa kunamweka hai.

Aliyenusurika tunakutana naye baadaye. Chonge la kudumu huanza kuumbwa katika miezi hiyo hiyo ya mwanzo, nyuma kidogo ya lile la utotoni, na wembe haujui mpaka uko wapi. Ndiyo maana naletewa mtoto wa miaka 12 ambaye chonge lake limetoka limepinda, au lina enameli yenye mashimo, au halikutoka kabisa. Meno jirani nayo huguswa. Nikiuliza kama aliwahi kung'olewa meno ya plastiki, mama anatazama chini na bibi anatazama dirishani.

Wengine hujitetea kwamba huu ni ugonjwa mpya, hospitali hazijaujua. Si mpya. Mwaka 1969 Jens Pindborg, daktari wa meno kutoka Denmark, alieleza kwa maandishi kazi hii ya kuchimba meno ya watoto nchini Uganda. Hapa Tanzania, Kikwilu na Hiza waliandika mwaka 1997 juu ya waganga wanaong'oa vichipukizi vya meno na kusugua fizi kwa dawa za majani. Mwaka 2000 madaktari wa meno wa Sheffield, Uingereza, walieleza habari za watoto wa Kisomali waliofika kwao bila chonge. Jina hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Jino linalochimbwa ni lile lile la chonge.

Na asije mtu akasema huu ni ushamba wa Kiafrika. Madaktari wa Ulaya walikata fizi za watoto kwa visu kwa karne kadhaa, tangu siku za mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré, kwa imani hiyo hiyo kwamba jino linalochelewa linaua. Mwaka 1839 daftari la vifo la Uingereza na Wales liliandika vifo zaidi ya 5,000 vilivyosababishwa na kuota meno. Bila shaka watoto wale walikufa kwa kuhara, nimonia na homa nyingine, ila kulikuwa na jino karibu la kusingiziwa. Poda za kuotea meno zilizouzwa huko zilikuwa na zebaki, zikawatia watoto sumu mpaka zilipoondolewa sokoni mwaka 1954. Karibu nasi zaidi, mwaka 2008 nchini Nigeria, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa kunywa dawa ya maji ya kuotea meno iliyoitwa My Pikin, iliyochanganyika na kemikali inayoua figo. Walipewa dawa ya kitu ambacho si ugonjwa.

Ipo imani nyingine, laini zaidi, na hii inakaa hata midomoni mwa wauguzi ninaofanya nao kazi: "Ah, ni meno tu hayo, yatapita." Hii haichimbi mtu, lakini inamrudisha nyumbani mtoto mwenye malaria. Huko Melbourne, watafiti waliwafuatilia watoto 21 wa vituo vya kulelea, wakawapima joto na kuwakagua fizi siku baada ya siku, na hawakuona uhusiano wa jino kutoka na homa wala kuhara. Uchambuzi wa Wabrazili uliotoka mwaka 2016, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta fizi kuwasha, udenda, na mtoto kuwa msumbufu. Joto hupanda kidogo tu, lisifikie homa. Hayo ndiyo yote jino linayoweza kufanya.

Kwa nini basi meno na maradhi huja pamoja? Kwa sababu yote hufika miezi sita. Kinga ambayo mtoto alipewa na mama yake tumboni inakwisha umri huo. Anaanza kukaa, kutambaa, kuokota kandambili na kuitia mdomoni. Anaanzishwa uji, na uji huja na kikombe, kijiko, maji na mikono ya watu. Mbu nao wanamuuma kama kawaida, ila sasa hana ngao. Mtoto asiye na jino hata moja angeugua vivyo hivyo umri huo.

Sasa la kufanya, haraka haraka.

Meno ni hivi: udenda mwingi, kutafuna kila kitu, ufizi mwekundu uliovimba pale jino linapotokea, kwa kawaida katikati chini kwanza, usingizi wa kukatika kwa siku chache. Mtoto ananyonya, anacheza, anakojoa kama kawaida. Akianza na ya juu si kitu. Mambo ya kigego tuwaachie wazee. Asiyepata jino hata moja mpaka mwaka mmoja na miezi sita, mlete tumtazame, bila hofu. Msugue ufizi kwa kidole safi, mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi yaliyochemshwa atafune, mfute udenda asipate vipele. Akisumbuka sana na amevuka miezi mitatu, parasetamo ya maji kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, isizidi mara nne kwa saa 24. Aspirini hapana. Jeli za kufisha ganzi ufizi hapana, zenye benzokeini zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba hewa. Asali kabla ya mwaka mmoja hapana. Shanga za shingoni hapana, zinakaba. Dawa ya majani ya kusugua, hapana.

Ugonjwa ni hivi: kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi, hiyo ni homa na inatafutiwa chanzo, hata kama jino limechungulia asubuhi hiyo. Aliye chini ya miezi mitatu akiwa na homa hangoji kupambazuke. Mkubwa kidogo apimwe malaria siku hiyo hiyo; kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika 15 au 20. Kikikataa malaria, daktari aangalie masikio, kifua na mkojo. Anaharisha? Anza ORS nyumbani, pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kijiko kwa kijiko, endelea kunyonyesha, na uchukue zinki kituoni: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi, siku 10 hata kuhara kukikoma mapema. Hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia hapo hadi mwaka, ni nimonia mpaka ithibitike vinginevyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, akiharisha damu, macho yakiingia ndani au ngozi ya tumbo ukiifinya ikichelewa kurudi, nenda hospitali sasa, usipite kwangu wala kwa bibi.

Na kama ameshang'olewa, mlete pia, na useme ukweli. Hakuna atakayekugombeza. Tunataka kujua lini, kwa chombo gani, wangapi walichimbwa siku hiyo, na alitoka damu kiasi gani, ili tupime damu, tuone kwenye kadi ya kliniki kama chanjo za pepopunda za wiki ya 6, 10 na 14 zimekamilika, na tuamue kuhusu VVU: dawa ya kuzuia maambukizi hufanya kazi ikianza ndani ya saa 72, na baada ya hapo imechelewa.